Nilimzushia wifi yangu kwenye kundi la upatu. Je, "nisameheni nyote" inatosha?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullah, Ustadhi.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Tanga. Wanawake wa ukoo wa mume wangu pamoja na majirani wachache tuna upatu wa watu 12, kila mmoja anatoa shilingi 50,000 kwa mwezi. Kijumbe wetu, yaani mkusanyaji wa pesa, alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Mwezi wa zamu yangu pesa zilichelewa. Nilimpigia, akaniambia nivute subira. Kwa hasira nikamrekodia rafiki yangu ujumbe wa sauti, nikasema wifi amezila pesa zetu, na nikaongeza kwamba hata mume wake wa kwanza alimwacha kwa sababu ya udokozi. Habari ya ndoa ile niliisikia ndani ya nyumba, watu wa nje hawaijui.

Rafiki yangu akairusha ile sauti kwenye kundi la upatu. Anasema kidole kiliteleza. Baadaye ikabainika kwamba wanachama wawili ndio walikuwa hawajatoa. Wifi alikuwa akiwasitiri huku akisubiri itimie 600,000 anikabidhi, na kweli nilizipata zote. Yeye akajitoa kwenye kundi na kunibloki. Hiyo ilikuwa Mfungo Sita (Rabiul Awwal), sasa tupo Rajabu na hatujasemeshana. Tukikutana msibani anageuza uso, nami nageuza wangu.

Ramadhani inakaribia. Nimeweka kwenye stetasi "Nisameheni nyote niliowakosea kwa kujua na kutojua", na wengi wamenijibu kwa wema. Je, inatosha? Pili, kwa miaka mingi nimemsema wifi kwa rafiki yangu huyo huyo: mapishi yake, malezi ya watoto wake. Hayo hayajui. Nimweleze yote? Tatu, mama mkwe anataka atukutanishe mbele ya ukoo mzima, na mume wangu anasema nimwache dada yake atapoa mwenyewe. Nimfuate nani? Na rafiki yangu nimkate?

Mwenye majuto

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Haitoshi. Aliyekubloki haoni stetasi yako, kwa hiyo waliokusamehe ni wale ambao hukuwakosea. Na hata angeiona, haikutaja kosa wala haikurudisha kilichoharibika. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, toba yake ina masharti matatu: kuiacha, kuijutia na kuazimia kutoirudia. Ikiguswa haki ya mtu, Imam Nawawi anaongeza la nne, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake au kupata halali yake, yaani akuachilie haki hiyo kwa radhi. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, Mtume (S.A.W.) amemwamrisha aliyemdhulumu nduguye heshima yake au chochote kile ajivue dhulma hiyo leo hii, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu, ambapo malipo yatatolewa katika mema ya mdhulumu, na yakiisha, atabebeshwa maovu ya mdhulumiwa. Ujumbe wa jumla ni desturi nzuri ya kuukaribisha mwezi, sina ugomvi nayo. Ila watu wameigeuza risiti ya deni ambalo hawajalilipa.

Kabla hujafanya lolote, chukua karatasi uyagawe uliyoyasema. Utaona si kosa moja, ni matatu, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa jingine.

La kwanza ni "amezila pesa zetu". Hili halikuwa kweli. Mtume (S.A.W.) aliwauliza maswahaba kama wanajua kusengenya ni nini, kisha akawaeleza kwamba ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia. Akaulizwa: je, kama analo hilo ninalolisema? Akajibu kwamba ukilisema alilo nalo umemsengenya, na ukisema asilo nalo umemzulia. Hadithi hii ameipokea Muslim. Kwa hiyo hapa hukusengenya, ulizua, na uzushi ni mzito zaidi.

La pili ni habari ya ndoa yake. Hata ikiwa kweli, ni kusengenya. Juu ya hapo ni kufichua siri ya nyumba iliyokufikia kwa sababu tu umeolewa humo.

La tatu ni yale ya miaka mingi ambayo hayajamfikia.

Tuanze na uzushi, maana ndio unaomchoma kila siku. Mwanamke aliyekuwa akiaminiwa 600,000 za watu kila mwezi leo anatazamwa kama mwizi. Uongo uliosikika mbele ya watu hufutwa mbele ya watu wale wale, na kwa njia ile ile. Usingoje akusamehe kwanza, kwani kusafishwa jina ni haki yake hata kama hatakusamehe kabisa. Andika kwenye kundi, kwa maneno machache:

"Assalamu alaykum. Mwezi wa Mfungo Sita ilisikika hapa sauti yangu nikisema kijumbe wetu amekula pesa za upatu. Maneno yale hayakuwa kweli, niliyasema bila kuthibitisha. Shilingi 600,000 nilikabidhiwa kamili, na kuchelewa hakukutoka kwake. Mengine niliyoyasema katika sauti ile sikuwa na haki ya kuyasema. Mwenye nayo bado naomba aifute, na aliyemsikilizisha mwingine namwomba amfikishie ujumbe huu."

Angalia kisichomo humo. Neno "ndoa" halimo. Ukiandika kwamba habari ya ndoa si kweli, huenda ukawa unaongopa. Ukiandika kwamba ni kweli lakini hukupaswa kuisema, umeitangaza mara ya pili na kuwajulisha waliokuwa hawakuisikiliza sauti mpaka mwisho. Siri iliyovuja haitibiwi kwa maelezo. Wala wanachama wawili waliochelewa hawakutajwa. Wifi yako aliwasitiri akapata hasara ya jina lake kwa sitara hiyo, usije wewe ukaivua kwa kisingizio cha kumsafisha. Na usianze na "shetani alinipitia". Alikupitia, sawa, lakini aliyeshika simu ni wewe.

Watakuja watu kutoa maoni, mmoja atasema "na sisi tulishangaa", mwingine ataanza kuuliza ni nani basi hawakutoa. Usijibu. Mwombe anayesimamia kundi afunge mazungumzo kwa siku hiyo ikiwezekana. Nje ya kundi, jiulize ni nani mwingine alisikia kutoka kwako wewe mwenyewe, huyo mwambie ana kwa ana.

Siku moja au mbili baadaye nenda kwake. Mpangilio huu una sababu. Ukitangulia kwenda mikono mitupu, atakuuliza swali moja tu, "Umeshawaambia?", nawe hutakuwa na jibu. Nenda baada ya Alasiri, peke yako au na mwanamke mmoja mtu mzima, bila watoto na bila kapu la zawadi. Zawadi itakuja baadaye. Ikitangulia inafanana na bei, na mtu aliyeumia huikataa ndipo mambo yanakuwa mabaya kuliko ulivyoyakuta. Piga hodi mara tatu. Usipojibiwa, au ukiambiwa rudi, rudi, ndivyo Suratun Nur ilivyotufundisha adabu ya nyumba za watu. Siyo kwamba umeshindwa, utakwenda siku nyingine.

Ukipokewa, maneno yawe mafupi na yawe na majina ya makosa: "Wifi, nilisema umekula pesa za upatu, na si kweli. Nimeshawaambia wote waliosikia. Na nilitoa siri ya nyumba yako, haikuwa yangu. Nimekukosea, naomba unihalalishie." Kisha nyamaza. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanasema "kama nilikukosea", na hiyo "kama" inamrudishia yeye kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. Au wanasema "lakini na wewe ungenieleza mapema", na radhi imegeuka shauri jipya. Au wanamtanguliza rafiki: "yule ndiye aliyerusha". Sauti ni yako. Akilia, akifoka, akikutolea ya mwaka juzi, sikiliza. Anayo haki ya kusema, na Qur'ani katika Suratun Nisaa imemtoa aliyedhulumiwa pale ilipokataza kutangaza maneno mabaya.

Pengine hatasamehe siku hiyo. Hana wajibu. Maulamaa wanasema kusamehe kwake ni jambo linalopendeza na lenye ujira mkubwa, lakini si faradhi. Ipo aya ya 22 ya Suratun Nur, iliyoshuka pale Abu Bakr (R.A.) alipoapa kukata msaada aliokuwa akimpa jamaa yake Mistah, aliyeshiriki kumzulia Bi. Aisha (R.A.). Mwenyezi Mungu akauliza: je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Abu Bakr akasema anapenda, akaurudisha msaada. Aya hiyo ni ya yeye kujisomea. Wewe uliyekosa usimsomee. Inakuwa umechukua Kitabu ukakifanya fimbo ya kumharakishia.

Sasa yale asiyoyajua. Hapa wanazuoni hawakukubaliana, na ni haki yako ujue hivyo. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Pwani tunaifuata, Imam Nawawi ametaja kauli mbili kuhusu anayeomba halali ya masengenyo: je, ni lazima alitaje alilolisema au inatosha kwa jumla? Yeye aliona kauli ya kulitaja ndiyo iliyo dhahiri zaidi, maana mtu anaweza kusamehe neno moja na asisamehe jingine, kama ambavyo huwezi kusamehe deni usilolijua kiasi chake. Upande wa pili, Ibn Taymiyya na wengine wameona kwamba yakiwa hayajamfikia, kumpelekea ni kumuumiza upya na kuzaa uadui, na maslahi ya toba yanageuka madhara. Imamu Ghazali amemnukuu mwanazuoni wa kale Mujahid akisema kafara ya kula nyama ya ndugu yako, yaani kumsengenya, ni kumsifu na kumwombea kheri.

Kwa hali yako, naegemea kauli ya pili. Mwanamke ambaye jeraha la kwanza bado bichi, ukaenda kumwambia "na pia nimekuwa nikisema watoto wako hawana adabu", hutakuwa umetubu, utakuwa umetua mzigo wako kichwani kwake. Lakini usidhani njia hii ni nyepesi. Ina kazi tatu. Umwombee msamaha kwa Mola kila unapomkumbuka. Umtaje kwa mema ya kweli, na hasa mbele ya rafiki yako yule yule uliyekuwa ukimsema wifi kwake, maana huko ndiko doa liliko. Na ufunge mlango, yaani mazungumzo ya wifi yasianze tena hata kwa utani. Bi. Aisha (R.A.) aliwahi kuashiria ufupi wa mke mwenzake Bi. Safiyya, Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba neno lile lau lingechanganywa na maji ya bahari lingeyabadilisha. Ilikuwa ni kimo tu. Habari ya mapishi iko kwenye daraja hilo hilo, ingawa sisi tunaiita porojo. Na akikuuliza mwenyewe kama uliwahi kumsema kwa mengine, usikane. Sema: "Ndiyo, nimekusema, na nimeacha, nihalalishie." Akitaka ndani zaidi, hapo mtaona wenyewe.

Mama mkwe nia yake njema, ila mkutano wa ukoo usikubali. Mbele ya watu ishirini ile habari ya ndoa lazima itaguswa, hata kwa jicho. Na wifi yako atalazimika kusema "nimesamehe" kwa kuona haya wazee. Wanazuoni wana kauli mashuhuri kuhusu mali, kwamba kilichochukuliwa kwa upanga wa haya si halali. Msamaha uliotolewa kwa upanga huo nao ni wa kutiliwa shaka. Mwambie mama kwa heshima: "Mama, nimemkosea mimi, niache niende mwenyewe, nikishindwa nitakuomba." Ukishindwa kweli, chagueni mtu mmoja tu, mwanamke ambaye wifi mwenyewe anamheshimu, shangazi mathalani, asiyekuwamo kwenye upatu. Aende kwa kila mmoja peke yake. Abebe mazuri tu. Mtume (S.A.W.) amesema si mwongo anayesuluhisha baina ya watu akafikisha kheri au akasema kheri. Ruhusa hiyo ni ya kulainisha nyoyo, kama kusema "anakutaja vizuri". Haingii kwenye hesabu ya pesa wala kwenye kukanusha yaliyotokea.

Mume wako naye anakosea. "Atapoa" ni ushauri wa mtu anayekwepa. Siku tatu ndio mpaka. Hairuhusiki Muislamu kumhama nduguye zaidi ya hapo, wanakutana huyu akageuka na yule akageuka, na mbora wao ni anayeanza kwa salamu. Ndivyo walivyopokea Bukhari na Muslim, na umeielezea hali hiyo hiyo kwenye barua yako bila kujua. Muslim amepokea pia kwamba milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, kila asiyemshirikisha Mwenyezi Mungu akasamehewa, isipokuwa wawili wenye uhasama, husemwa: wangojeni hawa mpaka wapatane. Hesabu ni Jumatatu ngapi toka Mfungo Sita.

Kwa hiyo salamu isingoje suluhu. Ukimkuta msibani, mtazame, sema "Assalamu alaykum, wifi" kwa sauti ya kusikika, usimkabe mkono wala usimfuate jikoni. Asipojibu, rudia mkikutana tena. Katika riwaya ya Abu Daud, aliyetoa salamu baada ya siku tatu ametoka kwenye dhambi ya kuhamana, na asiyejibu ndiye aliyebaki nayo. Kukubloki kwenye simu usikuhesabu kuwa jibu. Usitafute namba nyingine umpigie nayo, huko ni kumvunjia mlango. Mume wako kwa upande wake aendelee kumzuru dada yake kama kawaida, hiyo ni silatur-rahimu yake na haihusiani na ugomvi wenu. Akienda asibebe neno lako lolote.

Rafiki usimkate. Utakuwa umetoka kwenye mhamo mmoja ukaingia mwingine. Lakini kidole kiliteleza au hakikuteleza, neno lililotoka kwa mtu likapelekwa kwa anayesemwa likazua uhasama ni unamimu, na anayeendelea nalo ameonywa kwamba hataingia Peponi. Kaa naye, mwambie mara moja, usimfuatilie kumchunguza alikusudia nini. Kisha mweleze kwamba habari za wifi hutazipokea wala kuzitoa. Urafiki uliojengwa juu ya kumsema mtu mwingine mara nyingi unapungua wenyewe ukiondoa mazungumzo hayo. Ukipungua, uache upungue.

Usije ukatoka hapa na fikra kwamba ulipaswa kunyamaza na pesa yako. La. Maulamaa wametaja mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa aibu yake, na kushtaki dhulma kwa anayeweza kuiondoa ni mojawapo. Kuomba fatwa ni jingine: Hindu binti Utba alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi kinachomtosha yeye na wanawe, na hakukemewa. Barua yako hii imo humo, na umefanya vizuri kutotaja jina. Ungemwendea kijumbe na shahidi mmoja ukauliza "Zamu yangu imekwama wapi?", ungekuwa ndani ya haki yako. Rafiki yako hakuwa na uwezo wa kukupatia hata shilingi, ndiyo maana maneno kwake yalikuwa masengenyo tu.

Na huo upatu wenu una kasoro iliyofungua mlango wa dhana. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeshuka kuhusu kuandika madeni na kushuhudisha. Wekeni daftari moja lenye safu nne: jina, tarehe aliyotoa, kiasi, sahihi. Mtu wa pili asiye kijumbe alishike, na liwe wazi kwa mwanachama yeyote. Kubalianeni tarehe ya mwisho ya kutoa, na nini kifuate ikipita: je, anayepokea apewe zilizopo, yaani 500,000 kama wawili hawajatoa, kisha zilizobaki zikija apewe, au angoje zitimie? Yote mawili yanafaa mradi yamesemwa kabla. Faini ya pesa kwa anayechelewa msiweke, itawaingiza kwenye utata wa riba.

Wifi yako akirudi kundini, wapendekezee wenzako aombwe tena ukijumbe, na wewe uwe wa kwanza kutoa 50,000 zako mkononi mwake mbele yao. Akikataa kazi hiyo, msimbembeleze, mpeni mwingine.